Nyanya haziuzwi kwa emoji za kulia

Imerudi tena. Kila nyanya zinapofurika video ni ile ile, hata kama shamba ni jingine: rundo jekundu limemwagwa kando ya barabara, sauti nyuma ya simu inalalamika kwamba tenga halina bei, na chini pameandikwa "shea hadi imfikie mhusika". Mhusika nani? Mhusika wa nyanya ni mtu mwenye sufuria jikoni, na huyo imeshamfikia. Ameitazama, ameweka emoji ya kulia, ameandika "Mungu anawaona", kisha ametoka kwenda gengeni kununua fungu lake kama kawaida.

Hebu zitazame hizo posti kwa jicho la mtu anayetaka kununua. Kijiji hakitajwi. Kiasi hakitajwi. Bei haipo. Namba ya simu haipo, na ikiwepo mara nyingi ni ya mjanja aliyeidaka video kwingine. Ukibahatika unaambiwa "ni Iringa huko". Iringa ni mkoa, jamani! Kutoka Ilula hadi Mafinga ni zaidi ya kilomita 100.

Lakini hayo yote yangesameheka. Kosa lisilosameheka ni la kalenda.

Mche ukishatoka kitaluni na kupandwa shambani, mchumo wa kwanza unakuja baada ya siku 70 hadi 90 hivi, kutegemea mbegu na baridi ya mahali. Ua likishashika, tunda linahitaji karibu wiki sita au saba mpaka liive. Kwa hiyo siku mkulima anapoona vitunda vya ukubwa wa gololi, kama kantangaze (mdudu anayetoboa majani na matunda) na ukungu havijamzidi nguvu, anajua kwa tofauti ya siku chache tu ni lini atachuma. Hapo ndipo simu ilitakiwa kutoka mfukoni. Haitoki, kwa sababu shamba la kijani halimlizi mtu. Tunasubiri mpaka nyanya zioze ndipo tuwe na huruma, na huruma ikifika nyanya nyekundu kwenye joto la Dar es Salaam imebakiza siku tatu au nne. Mahindi unayaweka stoo ukingoje bei. Nyanya inakungoja wewe, na haingoji sana.

Na mafuriko yenyewe hayaanguki kutoka mbinguni. Msimu uliopita bei ilikuwa nzuri, basi bonde zima limepanda wiki moja, litachuma wiki moja. Mchumo wa kwanza huwa mdogo na hauleti shida. Nyanya za mchumo wa pili, wa tatu na wa nne, inayofuatana kila baada ya siku nne hadi saba, ndizo zinazomwagwa barabarani. Mwenye kutaka kumsaidia mkulima ana mwezi mmoja na nusu wa kujipanga. Tunautumia kushea video za watu wakianguka harusini.

Basi hivi ndivyo posti yenye faida inavyokaa. Matunda yakiwa bado ya kijani: jina la kijiji, ukubwa wa shamba, mbegu (Assila, Cal-J, Tengeru 97, yoyote, maana ngozi ngumu na ngozi laini hazisafiri sawa), wiki ya mchumo wa kwanza, namba moja ya simu inayopokelewa. Wiki mbili kabla ya kuchuma, orodha ya oda inafunguliwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo tayari lina watu wanaojuana: mtaa, kwaya, msikiti, kikoba, ofisi. TikTok na Instagram ni za kuita watu. Hazifai kukusanyia oda, kwa sababu huwezi kumdai mtu aliyekupa laiki.

Chukua kaya 80, kila moja kilo 5. Hizo ni kilo 400, yaani matenga 10 ya kilo 40. Hapa ndipo watu wanapopandwa na mzuka na kukodi Canter. Msikodi! Matenga 10 hayaijazi Canter, mtalipia hewa. Malori yanayoteremka mlima Kitonga na nyanya kuelekea soko la Ilala yapo tayari barabarani, na nauli huhesabiwa kwa tenga. Lipieni nafasi ya matenga yenu 10, yaandikwe kwa maka peni jina la kundi, dereva apewe namba ya mpokeaji. Mkulima aombwe yapakiwe mwisho, juu kabisa, kwa sababu tenga la chini hubeba uzito wa wenzake wote na nyanya zake hufika zimekuwa rojo. Mkiweza kupata kreti za plastiki ni bora zaidi: uzito wa kreti ya juu unakaa kwenye kingo, hauzilalii nyanya.

Bei ipigwe kwa kilo iliyofika salama. Kwa mfano wa hesabu tu: tenga shilingi 20,000 shambani, nauli 5,000, kupakia na kushusha 2,000, jumla 27,000. Ukigawa kwa kilo 40 unapata 675 na unajiona mjanja. Lakini toa kilo 4 zilizopondeka njiani, zimebaki 36, na bei ya kweli ni 750. Makundi mengi huvunjika kwenye hiyo tofauti ya shilingi 75 ambayo hakuna aliyeitangaza mapema, halafu msimamizi anaitwa mwizi. Na "tenga" peke yake si kipimo. Lumbesa, yaani kujaza kupita kipimo, inamuumiza mkulima kwenye magunia ya viazi na vitunguu, na inamuumiza vile vile kwenye tenga lililorundikwa mpaka likavimba juu. Andikeni kilo. Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, haihitaji kampeni ya kuitunga.

Rangi nayo. Agizeni nyanya zilizoanza kubadilika, zenye wekundu kidogo kitakoni. Hizo husafiri vizuri na kuiva nyumbani ndani ya siku tano au sita. Waambieni watu mapema, la sivyo kundi litajaa picha za malalamiko kwamba mmewaletea mbichi. Wakumbusheni pia wasizitie kwenye friji kabla hazijaiva: chini ya nyuzi 12 hivi hukwama, na ladha inapotea. Zilizoiva kupita kiasi zichemshwe, zisagwe, zikaangwe mpaka maji yakauke, ndipo zigandishwe.

Pesa: nusu kabla ya kuchuma, nusu baada ya kupima. Anayeandika "niwekeeni" bila kutuma chochote hayumo kwenye orodha, hata awe mwenyekiti wa mtaa. Na kabla ya kutuma, mwambieni mkulima arekodi video fupi akiwa shambani, ataje jina la kundi lenu na tarehe ya siku hiyo. Tapeli mwenye video ya msimu uliopita ataanza kusema mtandao unasumbua. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa lilingane na la mtu mnayezungumza naye.

Jambo dogo la kiufundi linaloua kampeni nyingi: orodha ya matangazo ya WhatsApp haimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako. Unatuma kwa 200, wanapata 40, unasema Watanzania hawapendi vya kwao. Na status hufa baada ya saa 24, basi usiweke ya Jumatatu ukategemea oda za Ijumaa.

Haya, nakubali kwa shingo upande: zipo video za nyanya zilizomwagwa ambazo zimemletea mtu mteja. Shamba moja likapona, majirani ishirini wakaendelea kumwaga, na aliyerekodi akapata wafuasi kuliko wateja aliopata mkulima.

Kuhusu dalali, punguzeni nyimbo. Anakula, ndiyo, na wengine wanakula vibaya. Lakini alfajiri sokoni yeye ndiye anayejua nani atachukua matenga 30 sasa hivi, na kundi lenu la kilo 400 haliwezi kumaliza nyanya za ekari moja. Mnachukua sehemu, yeye anauza zilizobaki.

Wanaopika kwa nyanya ya kopo kutoka nje huku wakiandika "tupende vyetu", wajue kwamba sosi ya nyanya ya Dabaga inatengenezwa Iringa hapo hapo.

Siku ya kugawa, mzani uwe mezani na zilizopondeka zitolewe kabla ya kupima, si baada ya watu kuanza kugombana. Zipigwe picha, zihesabiwe kwa kilo, mkulima atumiwe siku hiyo hiyo ili ajue tenga lipi lilipakiwa vibaya. Halafu orodha ya mchumo unaofuata ifunguliwe pale pale, watu wakiwa bado wameshika mifuko yao.