Jeshi la Sufuria

Harusi ilikuwa nzuri, biriani imeshika vizuri, na mimi nilikuwa nimejiapiza kutogombana na mtu. Basi mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akamgeukia mpwa wangu, aliyerudi karibuni kutoka kazi ya mkataba katika kambi moja ya ndege za Wamarekani kule Ghuba, akamuuliza sinia nzima ikisikia: "Wewe hasa ulikuwa jeshi gani? Jeshi la sufuria?" Watu wakacheka. Kijana akasema, "Naam, mzee," akaendelea kula. Yeye ana adabu zake. Mimi nilinyamaza siku ile kwa heshima ya wenye shughuli, lakini heshima hiyo imeisha muda wake.

Kwanza, hakuwa jikoni. Alikuwa upande wa mafuta. Pili, hata angekuwa jikoni, ningependa huyo mzee anionyeshe ni jeshi gani duniani lililopigana bila kula.

Tatizo ni zile video. Ndege inapaa ikiacha moto nyuma, rubani anavaa kofia polepole kama bwana harusi anayevalishwa kilemba, muziki unanguruma. Hakuna anayempiga picha mtu anayezibua choo. Ilhali kambi ya ndege iliyo ugenini, wanaoruka angani ni wachache. Waliobaki ni mpishi, zimamoto, fundi wa jenereta, mtabiri wa hali ya hewa, karani wa mizigo, mfua mashuka, dereva wa lori la maji machafu, na yule anayesimamia mtambo wa kusafisha maji ya kunywa. Shifti ni za saa 12, mchana na usiku, kwa hiyo jiko nalo halilali: mbali na milo mitatu kuna wa nne usiku wa manane, kwa sababu mtu anayetengeneza bawa la ndege saa nane usiku ana tumbo kama wewe.

Na hao si wote wanaovaa magwanda. Nenda kambi yoyote kubwa ya Wamarekani katika Ghuba utakuta Mnepali, Mfilipino, Mhindi, Mganda, Mkenya. Wakati wa vita vya Iraki, Waganda kwa maelfu ndio waliokuwa wakisimama kwenye malango ya kambi za Marekani na bunduki begani, wameajiriwa na kampuni za ulinzi. Mwanajeshi anayetoka Texas alikuwa akilala usingizi kwa sababu kijana wa Mbarara yuko macho. Sijawahi kuona mnara wa kumbukumbu wa huyo.

Turudi kwenye mafuta, maana nimemkalisha mpwa wangu anieleze na nikajuta kwa miaka yote niliyokuwa nikipanda ndege kwa raha zangu. Kabla lori la mafuta halijasogelea ndege, mtu anafungua koki ya chini ya tangi na kukinga sampuli kwenye chupa ya kioo. Chini, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta na hujificha huko. Anainua chupa kwenye mwanga, anaizungusha mpaka mafuta yafanye kizunguzungu katikati, anatazama. Yawe maangavu yanayong'aa. Yakiwa na ukungu, au tone moja linatembeatembea sakafuni kama lulu, ndege haijazwi. Tone hilo likifika juu kwenye baridi linaganda kuwa barafu, na barafu ikiziba njia ya mafuta hakuna rubani shujaa tena, kuna abiria tu.

Kisha waya. Lori na ndege vinaunganishwa kwa waya wenye kibanio kabla mpira wa mafuta haujagusa kitu, kwa sababu mafuta yanapopita kwa kasi ndani ya mpira yanazaa umeme, na cheche moja inatosha. Joto la Ghuba mnalijua. Chuma kimepigwa na jua mpaka hakishikiki bila glovu. Nikamuuliza, ikitokea mmechelewa na rubani anapiga kelele, hamruki hatua? Akanitazama kama nimemtukana mama yake, ambaye ni dada yangu. "Mjomba, waya ni waya."

Huyo ndiye jeshi la sufuria.

Kuna na wale wa kuokota mawe. Watu wanapanga mstari bega kwa bega, wanatembea eneo la ndege macho chini, wanaokota kokoto, skrubu, kifuniko cha chupa, kipande cha waya. Injini ya ndege inavuta hewa pamoja na chochote kilicho mbele yake. Anayeona ni kazi ya kitoto akumbuke Concorde, ile ndege ya abiria iliyoanguka nje ya Paris tarehe 25 Julai 2000: ukanda wa chuma ulioanguka kutoka ndege nyingine ulikuwa umelala kwenye barabara ya kurukia, ukachana gurudumu, na watu 113 wakafa. Ukanda ule ulihitaji mtu mmoja tu wa kuinama.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu wengine mnasoma haya mkidhani ni habari za Waarabu na Wazungu. Manda Bay iko Lamu. Ndani ya kambi ya wanamaji wa Kenya kuna sehemu ya Wamarekani, Camp Simba, na kando yake uwanja wa ndege. Kikosi cha anga cha Marekani kilichopo pale, cha 475, kazi yake ni hizo hizo tunazozicheka: kulinda, kulisha, kujenga, kuendesha uwanja. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab wakaingia kwenye ule uwanja. Wamarekani watatu walikufa. Kila mtu Lamu anakumbuka asubuhi ile, lakini ni wangapi wanajua waliokufa walikuwa nani? Mmoja alikuwa askari wa miaka 23, mwongoza ndege. Wawili walikuwa wafanyakazi wa kandarasi, yaani wa kampuni iliyokodiwa na jeshi, ndani ya ndege ndogo ya upelelezi iliyokuwa ikijiandaa kuruka. Hakuna hata mmoja kati yao anayefanana na yule wa kwenye video.

Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilitoa ripoti yake Machi 2022, na ukiondoa lugha ya kiofisi inasema hivi: ulinzi ulikuwa legelege, watu walibweteka, waliopewa kazi ya kulinda hawakuandaliwa kwa adui wa namna ile. Yaani kazi ya mlinzi ilichukuliwa kuwa kazi ya mtu asiye na kazi, mpaka asubuhi moja ikawa ndiyo kazi pekee yenye maana pale uwanjani.

(Sisemi hapa kama Wamarekani wakae Lamu au waondoke. Nina maoni, na ni makali, na yatakuja siku yake. Wavuvi wetu nao wana yao kuhusu bahari kufungwa huku na kule, mtu awaulize.)

Kinachonikosesha usingizi ni hesabu. Mwanajeshi wa Marekani akifa, jina linatangazwa, jeneza linapokelewa na bendera. Mfanyakazi wa kandarasi akifa, kifo chake kinaingia daftari jingine kabisa, la Wizara ya Kazi ya Marekani, na kinaingia kwa njia ya madai ya bima. Madai yasipofunguliwa, kwa hesabu zao ni kama hukufa. Fikiria mjane wa Jinja anayepaswa kujua kwamba ili mumewe ahesabiwe kuwa marehemu lazima kuna fomu.

Na bima ipo! Hapa ndipo hasira yangu inapopanda, kwa sababu si kwamba haki haipo. Ipo tangu 1941. Sheria inaitwa Defense Base Act, na mwenye ndugu huko aliandike jina hilo mahali. Ukifanya kazi katika kambi ya Marekani nje ya Marekani chini ya kandarasi ya serikali yao, mwajiri analazimika kukukatia bima, awe mkubwa au kampuni ndogo ndani ya kampuni ndani ya kampuni. Haiulizi pasipoti yako ni ya rangi gani. Ukiumia, matibabu ni juu yao. Ukishindwa kabisa kufanya kazi, unalipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki. Ukifa, mke na watoto wana fungu. Unapaswa kutoa taarifa ndani ya siku 30, na kwa kawaida una mwaka mmoja wa kufungua madai, miwili kama ni maradhi yaliyoletwa na kazi.

Mwaka mmoja. Mpwa wangu alikuwa na mwenzake wa shifti, Mganda, mtu mzima mwenye watoto. Aliteleza juu ya lori la mafuta, akaanguka kwa mgongo. Wakamtibu siku chache, wakamwekea mbele karatasi ya Kiingereza kirefu, akatia sahihi, wakampa bahasha na tiketi. Wenzake walichanga wakamnunulia blanketi la kusafiria. Kampuni siitaji, wanasheria wao wana njaa kuliko mimi. Hakuna aliyemwambia kuhusu 1941. Mpwa wangu mwenyewe alikuja kuisikia sheria hiyo kutoka kwa Mfilipino mmoja, na alipompigia yule Mganda simu, mwaka ulikuwa umeshapita na miezi juu yake. Sasa hivi anauza mkaa akiwa ameketi, kwa sababu kusimama hawezi.

Halafu kuna kipengele nilichokisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Kwa mtu asiye raia wala mkaazi wa Marekani, wizara yao inaweza kuamua kumaliza fidia ya baadaye kwa malipo ya mara moja, na malipo hayo ni nusu ya thamani yake. Nusu. Mgongo wa Mganda umepimwa, ukaonekana una pingili chache.

Nitakubali mambo, kwa shingo upande. Mshahara wa huko unashinda kibarua cha mjengo Mombasa, na nyumba ya dada yangu ina paa jipya kwa sababu ya mafuta ya ndege. Utaratibu wao wa kazi ni wa kuonea wivu. Kila spana ina mahali pake palipochorwa umbo lake, na ikikosekana moja mwisho wa shifti, ndege haitoki mpaka ipatikane. Laiti watu wangehesabiwa kama spana. Na ndiyo, mwaka 2012 Obama alitia sahihi amri inayokataza wakandarasi wa serikali kutoza watu ada za kuajiriwa na kuwanyang'anya pasipoti. Amri nzuri mno. Ajenti wa Mombasa aliyempeleka mpwa wangu alichukua ada kama kawaida, na pasipoti ikakaa kwenye droo ya mtu mwingine muda wote wa mkataba. Pengine amri ilikwama forodhani.

Moshi nao sitaurefusha. Kule Balad, Iraki, taka za kambi zilichomwa kwenye mashimo ya wazi kwa miaka, na Agosti 2022 Biden alitia sahihi sheria ya kuwatibu askari wa zamani waliouvuta moshi huo. Wafanyakazi wa kandarasi waliokuwa wakizisukuma taka zenyewe shimoni hawamo humo.

Na kwa wale wenye kupenda kusema "walienda wenyewe, hakuna aliyewalazimisha": Agosti 2004 Wanepali 12 waliuawa Iraki. Walikuwa vijana waliokwenda kupika na kufagia. Waliondoka kwao wakiahidiwa kazi Jordan, wakajikuta njiani kuelekea kambi ya ndege ya Al Asad, wakatekwa. Miezi hiyo hiyo madereva watatu wa Kenya nao walikuwa mikononi mwa watekaji huko Iraki. Wetu waliachiwa Septemba, alhamdulillahi. Nani katika wao alikwenda mwenyewe, kwa maana yenu?

Kwa hiyo wewe mwenye kaka, binti au mume katika kambi hizo, Djibouti au Kuwait au Qatar au hapo Lamu, mpigie leo. Mwajiri anatakiwa kubandika ukutani tangazo lenye jina la kampuni ya bima. Mara nyingi liko nyuma ya mlango wa ofisi, au limefunikwa na ratiba ya shifti. Alitafute, alipige picha, akutumie, pamoja na kila ukurasa wa mkataba wake. Na akiletewa karatasi baada ya kuumia, asitie sahihi siku hiyo, hata wakimwambia gari la uwanjani linamsubiri nje.