Je, nauli nayo ni dawa?

Mweka hazina wa kikundi chetu cha WhatsApp hapa Migosi, Kisumu, ni mwalimu mstaafu, na daftari lake halijawahi kupotea senti. Mwaka jana tulichangia mtoto wa miaka sita, mpwa wa jirani yetu kutoka upande wa Bondo, na Mwalimu akaandika juu ya ukurasa: "Mchango wa matibabu." Mtoto alikuwa amevimba taya. Nyumbani walidhani ni jino. Likang'olewa, likang'olewa na la pili, na uvimbe ukazidi kutuna mpaka jicho likaanza kufumba. Alipofikishwa hospitali ya rufaa kinyama kilikatwa, kikapimwa, ikajulikana kuwa ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Akapewa kemo ya kwanza, yaani dawa za kuua saratani, na baada ya siku chache uso ukarudi kama ulivyokuwa. Mama akamshukuru Mungu, akambeba mwanawe wakapanda matatu ya nyumbani.

Tarehe ya kurudi ilipofika hakuwa na nauli. Biashara yake ya omena ilikuwa imelala tangu alipoingia wodini. Jirani yetu akaomba kikundi kitume Sh1,500. Mwalimu akajibu kwamba zimebaki zaidi ya Sh20,000, lakini ni za matibabu, na nauli si matibabu. Walibishana siku tatu humo kikundini. Mimi nilisoma kila ujumbe na sikuandika neno. Mtoto alirudi wodini baada ya wiki tano, safari hii uvimbe ukiwa tumboni.

Nimeukumbuka mzozo ule kwa sababu kila Septemba, mwezi wa kuwakumbuka watoto wenye saratani, huzuka ubishi unaofanana nao. Wapo wasemao pesa za hisani ziende kwenye utafiti, maana ndiko tiba inakotoka. Wengine husema mtoto yuko kitandani leo, utafiti utamfaa nani? (Na kuna zile zinazoishia kwenye fulana za rangi ya dhahabu na maji ya chupa ya matembezi ya Jumamosi asubuhi. Hizo sizijadili.)

Nianze na upande wa utafiti, maana sisi wa kando ya Ziwa tunadaiwa kuufahamu kuliko wengine. Ugonjwa wa mtoto yule ulieleweka kwa sababu ya watoto wa ukanda huu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto aliowaona wakiwa na uvimbe wa taya wa namna ya pekee. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Vinyama vya watoto wa Uganda vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kwamba wameona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kufahamika kuwa vinahusika na saratani ya binadamu. Burkitt naye alizunguka nchi nyingi za Afrika kwa gari kuuliza hospitali kwa hospitali ni wapi ugonjwa huu unaonekana, na ramani aliyoipata ilifuata joto na mvua, yaani ilifuata malaria. Leo inaeleweka kwamba malaria ya mara kwa mara humdhoofishia mtoto ulinzi dhidi ya virusi hivyo, na kuzichochea seli za kinga za aina ya B zizaane ovyo, mpaka moja inaharibika na kugeuka saratani.

Kwa hiyo mtu akiniambia utafiti ni anasa ya Wazungu, namuuliza kama ameshawahi kufika Kisian, kilomita chache nje ya Kisumu, ambako taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, imechunguza malaria kwa miaka mingi. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay. Ikiwa malaria ni mmoja wa wazazi wa Burkitt, basi kila neti na kila chanjo ni hatua dhidi ya saratani hii, hata kama hakuna atakayeandika hivyo kwenye bango.

Hata hivyo, hesabu ya upande wa pili inauma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Shirika hilo limeweka lengo la 60 kwa 100 ifikapo mwaka 2030, na kati ya saratani sita lilizochagua kuanza nazo, Burkitt imo. Tofauti ya 80 na 30 haitokani na siri iliyofichwa maabara. Dawa za Burkitt ni za zamani. Saiklofosfamaidi na methotreksati zilikuwa zikitumika tangu enzi za Burkitt mwenyewe. Vinkristini hutoka kwenye ua la rangi ya waridi lenye asili ya Madagascar, ambalo nyumba nyingi hapa mjini zimelipanda mlangoni bila kujua lina kazi gani. Kinachojulikana tayari hakijawafikia watoto waliotoa vile vinyama, wala wajukuu wao. Anayekataa kutoa hata shilingi kwa ajili ya utafiti mpya kabla wa zamani haujafika kijijini ana hoja, na sitamwita mjinga.

Ila hapo ndipo ubishi wenyewe unapoanza kunichosha, kwa sababu wote wawili wanadhani mtoto ameshafika hospitalini na atakaa huko. Eldoret, katika hospitali ya Moi, watafiti walifuatilia watoto waliogunduliwa kuwa na saratani kati ya mwaka 2007 na 2009. Zaidi ya nusu waliacha matibabu njiani. Si kwamba dawa ilishindwa, hawakurudi kuimaliza. Waliokuwa na NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, tangu mwanzo walifanya vizuri zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Ni takwimu za zamani, na mengi yamebadilika tangu wakati huo. Lakini nilipozisoma nilimwona yule mama wa omena stendi ya Bondo akihesabu sarafu.

Kuacha matibabu kuna mantiki yake, tusiwadharau wazazi. Burkitt ni kati ya saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo sababu pia unayeyuka upesi ukiguswa na kemo. Mzazi anaona kwa macho yake kwamba mtoto amepona. Daktari anamwambia arudi mara nyingine kadhaa kwa ajili ya kitu kisichoonekana, huku shamba linangoja na watoto wengine wamelala njaa kwa shangazi. Kwa saratani ya damu ni vigumu zaidi, maana matibabu yake huchukua miaka miwili au zaidi. Ni mchango gani wa WhatsApp unaodumu miaka miwili? Wetu ulidumu siku tisa.

Sasa nitaje hospitali ambayo wapenzi wa utafiti huitaja kila mara, St. Jude ya Memphis, Marekani. Ilifunguliwa mwaka 1962 na Danny Thomas, mchekeshaji na mwigizaji, na mpaka leo huendeshwa kwa sehemu kubwa na michango ya watu wa kawaida. Wakati ule, kwa hesabu ya hospitali yenyewe, mtoto mwenye aina ya kawaida ya saratani ya damu alikuwa na nafasi 4 kwa 100 za kupona. Sasa ni zaidi ya 90. Watetezi wa utafiti hukomea hapo. Lakini tazama namna walivyofika. Daktari Donald Pinkel na wenzake hawakungoja dawa ya ajabu. Walichukua dawa zilizokuwepo, wakazipanga pamoja kwa utaratibu mmoja, wakamfuatilia kila mtoto mpaka mwisho, wakarekebisha, wakaanza tena na kundi jingine. Utafiti wa namna hiyo hauwezekani kama nusu ya watoto wanatoweka. Na jambo ambalo halitajwi sana: familia inayotibiwa St. Jude hailetewi bili ya matibabu, wala ya usafiri, wala ya malazi, wala ya chakula. Hospitali maarufu kuliko zote kwa utafiti wa saratani za watoto iliona zamani kwamba nauli ni sehemu ya tiba. Mwalimu wetu wa Migosi alikuwa bado hajaona, na mimi niliyenyamaza nilikuwa upande wake.

Kuna hoja ya tatu, nayo hutolewa kwa sauti kubwa hasa na vijana: hisani inaisamehe serikali. Kodi tumelipa, mshahara umekatwa asilimia 2.75 ya SHA, bima ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, asiye na mshahara naye analipa angalau Sh300 kwa mwezi, halafu tena tupitishe bakuli? Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika. Hoja hii naikubali kwa moyo wote, na bado nachanga. Uvimbe unaokua maradufu kwa siku mbili haujui kalenda ya Bunge. Tena SHA, ikifanya kazi inavyotakiwa, ndiyo inayofanya mchango mdogo uwe na maana: bima ikibeba kemo, Sh1,500 yetu haimezwi na bili kubwa, inakwenda kuziba tundu ambalo bima haikukusudia kuliziba. Kwa hiyo, kabla hujatuma kitu, uliza kama mzazi amesajiliwa na mtoto yumo kwenye kadi yake. Mara nyingine msaada mkubwa kuliko wote ni kumlipia mama bima na kukaa naye foleni.

Majengo nayapita haraka. Hospitali kuu ya Kisumu wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, na Eldoret kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa pesa za michango. Ni zawadi njema. Wafadhili hupenda ukuta kwa sababu ukuta hupigwa picha na jina huandikwa juu yake. Mwanapatholojia wa kusoma kile kinyama kwa siku tatu badala ya wiki tatu hapigwi picha, ingawa kwa ugonjwa wa kasi ile ndiye anayeamua kama mtoto ataanzishwa dawa akiwa bado anatembea.

Kisha ile michango ya mtoto mmoja: picha, namba ya paybill, "tumuokoe, anahitaji kupelekwa India." Wataalamu wengi huichukia, na sababu wanazo. Huchangiwa mtoto mwenye mjomba Nairobi na picha nzuri, si yule wa kitanda cha pili ambaye mama yake ana simu ndogo ya vitufe. Matapeli wamo. Pesa za tiketi moja ya ndege zingeweza kuwarudisha watoto wengi kwa kemo zao hapa hapa, na mara nyingi dawa wanazozifuata huko zinapatikana Kisumu au Eldoret. Yote kweli. Lakini nimeishi na vikundi hivi, na najua kwamba watu hutoa kwa sababu wanamjua aombaye. Ukiwaambia waache kumchangia mpwa wa jirani, wapeleke pesa kwenye mfuko wa wodi kwa sababu una ufanisi zaidi, hawatapeleka popote. Harambee imejengwa juu ya uso wa mtu. Afadhali kuchanga kwa ajili ya uso huo, kisha kukubaliana mapema kwamba kitakachobaki kiende kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wodi ile ile, kwa nauli na chakula cha wazazi wengine. Huyo afisa anajua nani hakurudi Jumanne, na ana namba ya simu ya kumpigia.

Mimi, nikiwa na Sh1,000, ningetoa sehemu kubwa kwa kazi hiyo ya kumfuata asiyerudi. Kumwandika na kumtafuta, na kurekodi sababu yake, ni huduma na ni utafiti kwa mpigo mmoja. Wa Eldoret walianzia hapo. Utafiti wa maabara ningeuachia wenye mifuko mirefu, ila nisingewacheka wanaouchangia.

Nilimpelekea Mwalimu hoja hizi wiki iliyopita, nikiwa nimeziandika vizuri. Akavua miwani. "Mwanangu, haya nimeyaelewa. Lakini mimi nasomewa hesabu mbele ya watu. Hospitali inatoa risiti. Makanga wa Bondo anatoa nini?"

Sikuwa na jibu, na nadhani hilo ndilo swali ambalo wafadhili wengi wakubwa nao hujiuliza, ndiyo maana bili hulipwa na nauli husahaulika. Bili ina muhuri. Tulikaa na chai mpaka tukapata nusu ya njia. Kuanzia mwezi huu daftari lina safu mpya iliyoandikwa "Usafiri." Meseji ya M-Pesa iliyotumwa kwa makanga ataihesabu kuwa risiti. Ya boda boda kutoka nyumbani hadi barabarani bado anaikataa.