Inafikiria

Najua habari ya aibu yangu kikaoni imeshawafikia. Rafiki yangu hana breki mdomoni, na kwenye kundi ameshamwaga toleo lake lenye chumvi, eti nililia. Sikulia. Mengine yote ni kweli, kwa bahati mbaya.

Kikao kimeiva, projekta inawaka, wasilisho langu liko kwenye flashi. Kompyuta ni ya mezani, mgongo umeelekea ukutani, kwa hiyo nikapitisha mkono nyuma nikapapasa. Flashi ikagoma. Nikaigeuza, ikagoma. (USB ipo tangu 1996 na bado hakuna anayeipatia mara ya kwanza, msinicheke peke yangu.) Nikasogeza mkono kidogo, ikaingia. Laini kabisa. Skrini kimya.

Mwenye akili angechungulia. Mimi nikatangaza, "Ah, hii ni draiva tu," yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, nikafungua ile orodha ya Windows ya vifaa vyote, huku ukuta mzima unanionyesha. Niliwahi kusoma kwamba ukiondoa vidhibiti vya USB, vile vinavyoendesha matundu yake yote, kisha ukazima na kuwasha, Windows huvirudisha yenyewe. Na kweli huvirudisha. Ila sikujiuliza kipanya na kibodi vinapitia wapi.

Nikabofya ondoa. Kikaja kisanduku cha onyo. Nikakubali bila kukisoma, kifundi.

Taa nyekundu chini ya kipanya ikazimika.

Nikakisukuma kulia, mshale haujatikisika. Kushoto, wapi! Nikakigeuza tumbo juu nikakipuliza, msiniulize kwa nini. Nikarukia kibodi, nikabonyeza Caps Lock, hata kile kitaa hakiwaki. Na pale ukutani mshale umeganda katikati ya orodha, kikao kizima kinautazama, jasho linanishuka mgongoni.

"Tunasubiri nini?" bosi akauliza.

"Inafikiria," nikajibu.

Ilikuwa haifikirii chochote, jamani.

Rafiki yangu akainuka, akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine ikazima, akaiwasha, kila kitu kikafufuka. Kisha akachungulia nyuma. Kicheko alichokitoa mmeshakisikia. Flashi ilikuwa imejikalia starehe kwenye tundu la waya wa intaneti. Msijaribu, pini za mle ndani zinaweza kupinda, lakini kichwa cha USB kinaenea mle vizuri mno!

Wasilisho nikalipitisha mbiombio, macho chini. Mwisho bosi akawa na swali moja tu: faili langu limeshapanda mtandaoni, au bado liko njiani?