Corolla Haitoshi: Lubumbashi, Tununue Vipuri kwa Namba

Mteja anaingia dukani. "Nipe plakete za freni za Corolla, za mbele." Anataka pedi za breki. Muuzaji anauliza: "Ya mwaka gani, papa?" "Ya 2004." Muuzaji anageuka, anashusha boksi, anapokea dola zake, biashara imekwisha. Maongezi hayo nayasikia kila ninapopita kwenye maduka ya vipuri, iwe mtaa wetu wa Kenya iwe katikati ya mji, na naamini hapo ndipo zinapoanza kupotea pesa nyingi tunazotia kwenye motokari zilizotumika. Jina la gari na mwaka wake havimwambii muuzaji anachohitaji kujua. Pengine katika miji mingine vingetosha. Hapa kwetu havitoshi, kwa sababu ya mahali mji wetu ulipo.

Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), ni njia panda ya magari. Kuna yanayopanda kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, karibu kilometa 90 kutoka hapa. Kuna ya Japani yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam, yanakata Tanzania na Zambia, yanafika mpakani palepale. Kuna ya Ulaya yenye volani (usukani) kushoto, na mengine yanatoka Dubai. Yote yameandikwa jina moja nyuma, yote yanaegeshwa kwenye parselo (kiwanja) moja, na fundi mmoja anayatengeneza yote.

Chukua hiyo Corolla ya 2004. Ikiwa ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, mara nyingi modeli yake ni NZE121, na moteri (injini) yake ni 1NZ-FE ya lita 1.5. Ikiwa ni ya Afrika Kusini, mara nyingi ina moteri ya familia ya ZZ: lita 1.4, 1.6 au 1.8. Ya Ulaya inaweza kuwa hizohizo ZZ za 1.4 na 1.6, au dizeli ya lita 2. Bampa ya Japani na bampa ya Ulaya hazifanani, taa za mbele hazifanani, filtri na vishikio vya moteri vinatofautiana. Sasa mtu anaposema "Corolla ya 2004," muuzaji atachagua ipi? Atachagua aliyo nayo dukani. Wala simlaumu, maana hakupewa cha kumsaidia.

RAV4 nayo hivyohivyo. Iliyotoka Japani miaka ya 2000 hadi 2005 inaweza kuwa na moteri 1ZZ-FE ya lita 1.8, au 1AZ-FSE ya lita 2 ambayo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Hiyo ya pili, inayoandikwa D-4, imo pia kwenye Noah nyingi za miaka ile, na haivumilii mafuta machafu. Mtu anayezoea kununua petroli ya bidoni (dumu) kando ya barabara atailipia pampu yake na injekta zake kwa bei itakayomuumiza. Kwa hiyo kabla hata ya kununua motokari yenyewe, fungua boneti usome moteri. Rangi na viti vitakusubiri.

Namba zinapatikana wapi? Kwenye Toyota ya soko la Japani tafuta kibati kidogo cha chuma, mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha moteri na abiria, au kwenye nguzo ya mlango. Juu yake pameandikwa modeli, moteri, namba ya fremu, rangi, na aina ya gia. Namba ya fremu ya Japani ni fupi, huanza na herufi za modeli kama NZE121, kisha kistari, kisha tarakimu. Gari la Afrika Kusini au la Ulaya lina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, na herufi tatu za mwanzo zinakuonyesha lilikotoka: AHT ni Toyota ya Afrika Kusini, SB1 ni ya Uingereza, NMT ni ya Uturuki, VNK ni ya Ufaransa. Piga picha kibati hicho, iweke kwenye simu, mtumie fundi, mtumie na ndugu aliye Dar au Johannesburg anayekutafutia kipuri. Picha hiyo moja inawasaidia kuliko kueleza kwa simu asubuhi nzima.

Kutoka kwenye namba ya fremu, muuzaji mwenye katalogi anapata namba ya kipuri chenyewe. Za Toyota ni makundi mawili ya tarakimu au herufi tano tano, na kundi la kwanza linataja aina ya kitu. 04465 ni plakete za freni za mbele, 04466 ni za nyuma. 17801 ni filtri ya hewa. 90915 ni filtri ya oili. Kundi la pili ndilo linalotofautisha gari na gari, na hapo ndipo tunapokosea, kwa kuwa plakete mbili za 04465 zinaweza kufanana kwa jicho na bado moja ikakataa kukaa kwenye kalipa, yaani kishikio chake. Anayekataa kukubali hilo huchukua msasa au grainda "kuirekebisha kidogo." Plakete iliyokwanguliwa ili iingie haipaswi kupanda kwenye gari linalobeba watoto kwenda shule. Sioni cha kujadili hapo.

Lakini namba nayo inaweza kukupotosha, na hapa kwetu inapotosha kwa njia mbili.

Ya kwanza ni moteri iliyobadilishwa. Motokari nyingi za umri huu zimeshapewa moteri nyingine iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Kibati kitakuambia moteri iliyozaliwa na gari; ile iliyomo sasa ina namba yake yenyewe iliyogongwa kwenye chuma chake. Isafishe kwa brashi na petroli kidogo, isome, iandike. Buji (plagi), kurwa (mikanda), pampu ya maji, filtri, vyote vifuate moteri iliyomo. Mfano mzito ni huu: Corolla za zamani zenye 5A-FE zinatumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, wakati 1NZ-FE inatumia mnyororo. Ukimnunulia fundi kitu kwa kuangalia kibati tu, mnaweza kutafuta mkanda ambao haumo.

Ya pili ni volani iliyohamishwa, na hii inanisumbua zaidi. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, Zambia, Tanzania, Afrika Kusini na Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo magari mengi yanaingia na volani kulia kisha yanahamishwa. Ikifanywa vizuri, fundi anatumia sehemu kamili kutoka gari lenye volani kushoto: kremaye (chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu), dashibodi, pedali, masta ya freni. Ikifanywa vibaya, vyuma vinakatwa na kuchomelewa. Chuma cha volani kilichochomelewa hakina nafasi barabarani, hata kama gari lina mwendo mzuri. Na hata kazi ikiwa safi, kuanzia siku hiyo namba ya fremu haisemi tena ukweli kuhusu volani, masta ya freni na wipa. Mwenye gari asipojua zilitoka gari lipi, miaka miwili baadaye atanunua kremaye ya upande usio wake. Ndiyo maana nasema: anayehamisha volani aandike kwenye karatasi modeli ya gari alilotoa sehemu hizo, na karatasi hiyo ikae pamoja na karte roze, kadi ya usajili wa gari. Mnunuzi wa gari lililohamishwa aidai kabla hajatoa dola hata moja.

Taa ni sehemu ya jambo hilohilo, na wengi hawazifikirii. Taa fupi ya gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto inainua mwanga upande wa kushoto, ili dereva aone ukingo wa njia na watembea kwa miguu. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Usiku kwenye barabara ya Likasi, malori ya madini yakiwa mbele na nyuma, unamulikwa usoni na mtu ambaye ameshusha taa zake kwa adabu zote. Kuinamisha taa kunapunguza ubaya, hakuumalizi. Ukipasua taa moja, hiyo ndiyo nafasi ya kununua mbili za upande wetu, mradi ziwe za modeli yako.

Nimesema habari ya kipuri kisichofaa. Tazameni sasa kinachotokea pale kinapokosekana kabisa. Termostati. Gari linachemka, fundi anaitoa, halafu hairudi. Anasema Afrika kuna joto, haina kazi. Lakini ukitafuta mwanzo wake, mara nyingi iliyonunuliwa haikuwa ya moteri ile, ikakaa vibaya au ikachelewa kufunguka, basi ikaonekana adui. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi asubuhi ni baridi kweli, tunavaa makoti. Moteri isiyo na termostati inachukua muda mrefu kupata joto lake, kompyuta inaendelea kuiongezea petroli ikidhani bado imelala, oili inachafuka, na mwenye gari analalamika kwamba gari linakunywa. Kama moteri inachemka, tafuteni sababu: radiateri iliyoziba, feni isiyozunguka, joini ya kichwa cha moteri, kifuniko cha radiateri kilichochoka. Weka termostati yenye namba yake na maji ya radiateri yanayostahili, kwa sababu maji ya bomba peke yake yanaleta kutu.

Kuhusu oili ya gia nitasema kwa ufupi: isomwe kwenye kitabu au kwenye kijiti cha kupimia. Gia za otomatiki za kawaida za Toyota za miaka ile zilitaka oili ya aina ya T-IV. Vitz nyingi zenye CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, zinataka oili ya CVT. Mwenye kumimina ya kwanza ndani ya ya pili anaua gia nzima kwa akiba ya dola chache.

Sasa mafundi. Watu wa mji huu wanapenda kuwaita wezi, nami siwaungi mkono. Fundi anafanya kazi chini ya mwembe, mgongo kwenye vumbi, na mteja anabishana naye mpaka malipo ya kazi yanakuwa karibu na bure. Atakula wapi? Atakula kwenye kipuri: anakutajia bei yake, duka linampa kitu kidogo, na kwa sababu anapata kitu kidogo, anakwenda duka linalompa, hata kama namba siyo. Tukimlipa kazi yake bei ya haki na tukanunua kipuri wenyewe kwa namba aliyoiandika yeye, hana tena sababu ya kuchagua duka kwa ajili ya tumbo. Fundi mzuri anaufurahia mpango huo, maana hata lawama ya kipuri kibovu haimrudii.

Na kati ya kipya cha kuiga na cha zamani cha asili? Mimi nachagua hivi. Alternata, stata, kompresa ya hewa baridi, sensa za moteri: cha asili kilichotolewa kwenye gari lingine, kipimwe mbele yako. Vya kuiga vya aina hiyo vinapendeza kwenye boksi tu. Lakini chochote cha mpira au cha kusuguana, yaani plakete, mabomba ya freni, mikanda, rotile (viungo vya mpira vya magurudumu), kiwe kipya kila mara, cha kampuni inayoaminika. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala rafuni. Tairi vilevile: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Na likiandikwa STUDLESS, lilitengenezwa kwa theluji ya Japani, mpira wake ni laini, lami ya moto italimaliza haraka na kwenye mvua halishiki vizuri. Kwado, yaani mafundi wa tairi, wengi wanalijua hilo, waulizeni.

Filtri ya hewa isiachwe nje ya hesabu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa vumbi jekundu la mitaa ya Ruashi na Annexe linaingia kila mahali. Kuipuliza kwa kompresa kutoka upande wa nje kunasukuma vumbi ndani ya karatasi, na upepo mkali unaitoboa. Ni kipuri cha bei ndogo. Badilisha.

Kwa wenye maduka nina ombi moja, na nalitoa nikijua wana kazi ngumu ya kuleta mizigo kupitia mpaka ule. Andikeni namba kwenye risiti. Msiandike "plakete Corolla". Andikeni tarakimu zote. Mteja akirudi na kipuri kilichokataa, mtaona mara moja kosa ni la nani, na hakuna atakayepiga kelele dukani.

Kwa mwenye gari: unapochukua motokari yako kwa fundi, omba urudishiwe kipuri cha zamani, hata kikiwa kimechakaa na kimejaa grisi. Kifute vizuri ukitazame. Kama ni cha asili, huenda namba yake bado imechorwa ubavuni, na safari ijayo hutahitaji kumwambia muuzaji jina la gari kabisa.