Karatasi ya Mahudhurio Si Mkataba

Juzi mjomba wangu kanitumia picha kutoka Rondo, mkoani Lindi. Bango jipya, nguzo zimechimbiwa kando ya mkorosho, rangi ya kijani bado inang'aa: "Utalii Ikolojia kwa Maendeleo Endelevu. Jamii Itashirikishwa." Chini ya picha kaandika: "Mjomba, hivi tulishirikishwa lini?"

Nilicheka. Halafu nikakasirika mpaka chai ikapoa.

Maana kikao chenyewe nakijua, nilikuwepo. Wageni walikalia viti vya plastiki chini ya turubai, sisi tukatandika mikeka mkoroshoni. Tukaelezwa kwamba msitu ni utajiri (kumbe!). Tukaelezwa habari za komba wa Rondo, kwamba hapatikani nje ya Tanzania, na wazee ambao wamelala wakisikia komba wakilia tangu utotoni wakaitikia kwa adabu. Kisha ikaja soda, moja moja, pamoja na karatasi ya mahudhurio: jina, kitongoji, simu, sahihi. Bibi yangu hajui kuandika. Akachovya dole gumba kwenye wino wa bluu, akabandika, akajifutia kwenye pindo la khanga.

Miezi ikapita. Siku moja nikaliona andiko la mradi, na karatasi ile ile imebanwa pini kwa nyuma. Kiambatisho: "Ridhaa ya Jamii". Dole la bibi likawa limeshatoa ardhi, na mwenyewe alidhani anasaini soda.

Sitawataja. Wao wanajijua, na bango lao linasomeka tangu barabarani.

Ila neno lenyewe, kushirikishwa, ndilo linalonikera. Litazame vizuri. Ni kutendwa. Yupo anayeshirikisha, nawe unafanyiwa. Nani amewahi kushirikishwa kwenye shamba lake la korosho? Mwenye mali hashirikishwi. Ndiye anayeshirikisha wengine akipenda, tena kwa masharti yake. Ukiona umeshirikishwa, ujue mali imeshapata mwenyewe na si wewe. Kazi utapewa, sikatai: utafagia, utabeba mabegi, jioni utaitwa ucheze sindimba wageni wakisubiri supu. Hesabu za mwisho wa mwaka hutaziona. Sisi wa kusini tumeshajifunza kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala, kwamba makato anayajua mpangaji wa makato.

Na tuna uzoefu wa siku nyingi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, hapa hapa Lindi. Wapagazi waliibeba vichwani, siku kadhaa za mwendo, mpaka bandarini. Leo mjusi wetu amesimama kwenye makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, watu wanakata tiketi kumwona. Wapagazi wale nao walishirikishwa.

Sasa nikisema kijiji kimiliki mradi chenyewe, naambiwa hizo ni ndoto. Peru, kwenye msitu wa Amazon, wananchi wa Infierno waliingia mkataba na kampuni mwaka 1996 kujenga nyumba ya wageni iitwayo Posada Amazonas: miaka 20, faida asilimia 60 kwa jamii na 40 kwa kampuni. Mkataba ulioandikwa. Ekwado, Wakichwa wa Añangu wana hoteli yao wenyewe ndani ya hifadhi ya Yasuní. Mbali sana? Basi twende Kilwa. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao, na mwaka 2009 mpingo wao ukapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri. Hela ya gogo inaingia akaunti ya kijiji. Kama tunaweza kuuza gogo, tutashindwaje kumuuzia mtu kitanda na chakula?

Msitu wa hifadhi pale Rondo ni wa serikali, sibishani. Lakini kambi ya watalii haitaning'inia hewani. Itajengwa kwenye ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mkutano mkuu, si soda.

Haya, na mimi nikubali yangu. Viongozi wetu wa vijiji wapo wenye mikono mirefu. Nimeshaona risiti ya bati za zahanati na zahanati sijaiona. Na utalii wenyewe si korosho kwamba msimu ukifika wanunuzi wanakuja. Masika, barabara ya kupanda Rondo ni ya kumwomba Mungu. Halafu mgeni anataka simba. Wewe unamtembeza gizani saa mbili nzima kumwonyesha mnyama wa gramu 60 hivi, yaani korosho ghafi kama kumi kiganjani, mkia kama brashi ya kusugulia chupa. Tochi inakamata macho mawili, tawi linatikisika, kwisha. Wengine watadai hela yao. Kwa hiyo hasara inaweza kuja, tena miaka ya mwanzo itakuja. Lakini afadhali hasara ninayoiona kwenye daftari la kijiji kuliko faida ninayosimuliwa.

Nilimpigia mjomba usiku ule. Mkutano mkuu umeitishwa Jumamosi, na wenye bango wamesema watahudhuria. Tumekubaliana karatasi ya mahudhurio safari hii iandaliwe na mtendaji wetu, juu iandikwe kwa herufi kubwa MAHUDHURIO TU, na baada ya jina la mwisho upigwe mstari mpaka chini, pasibaki nafasi. Bibi kauliza kama soda zitakuwepo. Mjomba kamwambia zitakuwepo, safari hii tunanunua sisi.