Rambirambi za simu hazichimbi kaburi

Kwetu Lamu, mtu akifa hakuna anayetangaza kwamba anatafuta watu wa kujitolea. Habari ikishatoka msikitini, vijana wa Langoni wanajua majembe yako wapi, wazee wanajua nani ataosha maiti, na kina mama wanaanza kuchambua mchele kabla hawajaambiwa wageni ni wangapi. Ni fardhi kifaya: wakiitimiza wachache, wengine wamesalimika, asiitimize yeyote, dhambi ni ya mji mzima. Jeneza hubebwa kwa kupokezana, unaweka bega hatua chache kisha unampisha mwenzio, na hakuna anayekuuliza ulimjuaje marehemu.

Huku Uingereza kujitolea kuna fomu. Nilipotaka kusaidia kugawa chakula kwa familia zenye shida hapa Leicester, niliombwa majina ya watu wawili wa kunishuhudia, nikakalishwa kwenye mafunzo, ndipo nikapewa zamu ya Jumamosi. Wenzangu wengi ni wastaafu wanaoishi peke yao, na ukiwasikiliza utaona nao wamefuata salamu. Hata zahanati za serikali siku hizi humwelekeza mpweke kwenye vikundi kama hivi. Naam, hapa unaandikiwa watu kama unavyoandikiwa dawa!

Hawajabuni tu. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani karibu 13,000 waliopita miaka 50. Waliojitolea angalau saa 100 kwa mwaka, yaani kama saa mbili kwa wiki, walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika ile miaka minne iliyofuata, miili yao ilikuwa na wepesi zaidi, na upweke ulipungua. Sukari na presha hazikupungua, kwa hiyo msiache vidonge. Tena mwenye afya ndiye anayeweza kutoka nyumbani kwenda kusaidia, jambo ambalo watafiti hujaribu kulipima lakini haliondoki lote.

Utafiti mwingine ndio ulionigusa zaidi. Uliwafuatilia waliomaliza sekondari huko Wisconsin mwaka 1957, ukakuta kwamba waliojitolea kwa ajili ya wengine waliishi zaidi, ilhali waliojitolea kwa manufaa yao wenyewe hawakuwashinda wasiojitolea kabisa. Sheikh yeyote wa Lamu angekuambia habari ya nia bila kuhesabu makaburi ya Wamarekani.

Hapo ndipo ninapoogopea nyumbani. Mradi ukija kuokota plastiki ufuoni, swali la kwanza ni pesa za nauli na fulana. Siwalaumu vijana, kazi hakuna, na wenye miradi ndio waliowazoesha. Nami sisemi ya zamani yalikuwa matamu yote. Mama zetu wamepika arusi na matanga kwa moshi wa kuni miaka na miaka, na asiyefika anasemwa mpaka mtaa wa pili. Anayesaidia kwa kuogopa midomo ya watu sidhani kama anapata ile afya inayosemwa. Wanaume tungeshika miiko nasi, basi, badala ya kungoja sinia barazani.

Ila wenye hasara kubwa ni sisi tulio nje. Msiba ukitokea, simu inatoka mfukoni, rambirambi zinakwenda, tunarudi kazini. Pesa hiyo inasaidia, sanda na mchele havinunuliwi kwa dua. Lakini anayetuma hakutembea, hakushikwa mkono, hakukaa na mtu hata nusu saa. Faida ya mwili inabaki kwa yule aliyekwenda.

Kikundi chetu cha watu wa Lamu huku kina mweka hazina hodari mno, michango inafika hata usiku wa manane. Mmoja wetu akilazwa hospitali ya hapa hapa, hatujui nani wa kwenda kumtazama. Napendekeza tuwe na orodha ya pili kando ya ile ya michango: nani ana gari, nani hana kazi Jumatano, nani anaweza kumpikia mgonjwa uji akamletea.