Kabla ya kamera za kusoma nambari za magari kufika Nakuru

Mjomba wangu ana Probox nyeupe anayobebea kabichi na viazi kutoka Molo hadi hapa Nakuru. Ijumaa moja alfajiri alisimamishwa njiani. Nambari ya gari ikaangaliwa kwenye orodha iliyoandikwa kwa kalamu, akaambiwa gari lake linatafutwa kwa wizi. "Afande, hili gari ni langu, huu mwaka wa sita," akasema. Likapelekwa kituoni na mzigo wake wote.

Jumamosi alasiri, kabichi za juu zilikuwa zimeshageuka manjano na mlango ukifunguliwa harufu inakupiga usoni. Aliyemwokoa ni afisa mmoja wa makamo. Alilizunguka gari taratibu, akasugua tope kwa kidole gumba kwenye kioo cha nyuma mpaka nambari iliyochongwa pale ikaonekana. Akasoma nambari ya chesisi, akailinganisha na kitabu cha usajili. Kisha akarudi kwenye daftari la matukio na kusoma taarifa yenyewe mpaka mwisho: gari lililotafutwa lilikuwa gari dogo la abiria, la kijivu. Kuna mtu alikuwa akitembea na kibao bandia chenye nambari ya mjomba. Kule kwenye orodha walikuwa wamenakili nambari tu.

Ndiyo maana huwa nasita kila pikipiki inapoibwa mtaa wa Free Area au duka linapovunjwa na watu wakasema tuwekewe kamera za kusoma nambari. Hasira yao naielewa. Mwenye boda akiibiwa pikipiki ambayo bado anailipia mkopo, ameibiwa chakula cha watoto. Kamera hizi zinaweza kumsaidia. Hupiga picha ya kila gari linalopita, mchana na usiku, hugeuza kibao kuwa maandishi, huandika saa na mahali, kisha hulinganisha na orodha ya magari yanayotafutwa. Uingereza walianza kuzitengeneza 1976, kwa hiyo makosa yake yanajulikana.

Agosti 2020, polisi wa Aurora, jimbo la Colorado huko Marekani, walilizuia gari la mama mmoja mweusi aliyekuwa na wasichana wanne, mdogo wao wa miaka 6. Walilazwa kifudifudi kwenye lami, wengine wakafungwa pingu. Mtambo ulikuwa umetoa tahadhari kuhusu nambari ya gari lao. Kilichoibwa kilikuwa pikipiki ya jimbo lingine, Montana, yenye nambari kama hiyo. Mwaka 2024 jiji lilikubali kuwalipa dola milioni 1.9. Nikisoma habari ile namwona mjomba na kabichi zake, ila yeye hakuelekezewa bunduki.

Hapa kwetu vibao bandia ni shida ya kila siku. Vibao vipya vyenye alama za usalama vilizinduliwa Agosti 2022, lakini vya zamani bado vimejaa barabarani. Anayepanga uhalifu hubadilisha kibao, na kamera inabaki kumsoma mwenye nambari halali. Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu watu 82 waliotekwa nyara hadi Desemba mwaka huo. Ni nani anayeamini kwamba magari yaliyowabeba yangenaswa na kamera hizi? Bali kijana anayeendesha gari la babake kwenda mkutano wa upinzani, safari zake zote zingebaki kwenye kumbukumbu.

Hizo kumbukumbu ndizo zinazonikosesha usingizi. Magari mengi yanayopita Barabara ya Kenyatta hayana kosa lolote: mama anayekwenda kliniki, mzee anayekwenda msikitini, mwandishi anayekwenda kuonana na mtu wake. Huko New Hampshire, jimbo lingine la Marekani, sheria inataka rekodi ya gari lisilotafutwa ifutwe ndani ya dakika 3. Sisi tuna Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini sheria hiyo imeacha mlango kwa jina la usalama wa taifa, na mlango huo ni mpana.

Nairobi na Mombasa ziliwekewa kamera za polisi kwa mradi wa 2014 uliogharimu karibu shilingi bilioni 15. Zamu ya Nakuru ikifika, nitakwenda kwenye kikao cha maoni ya umma na nitasema haya: rekodi za wasiotafutwa zifutwe siku hiyo hiyo, kila anayezichungulia aandikwe jina na sababu, na gari lisizuiliwe kwa neno la mtambo pekee kabla ya afisa kuangalia aina yake, rangi yake na vioo vyake. Mjomba amesema tutakwenda naye. Kile kitabu cha usajili hukaa kwenye gari siku zote sasa, kimefungwa kwa nailoni chini ya kiti.